Majumba ya Sanaa Nairobi na Milango Yake

Mjini Nairobi, katika Barabara ya Moi, liko jumba kubwa la mawe lenye nguzo, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Ni wageni wachache wa mji wasiopata kuagizwa kukutana na wenzao mbele ya jumba hilo. Mtu aliyetoka Kisii au Machakos au Nyeri kwa shauri la shamba, au kumtazama mgonjwa hospitalini, humngojea ndugu yake hapo nje, mzigo u miguuni pake, na ndugu akija huondoka zao kwenda kutafuta chai. Miaka hupita, naye hajui ndani ya jumba lile mna nini. Pengine hudhani ni ofisi tu ya Serikali, na ya kuwa haingii mtu asiye na barua.

Ndani mna mali yake. Jumba hilo ndilo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, idara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya National Bank of India, na ndiyo sababu ya ule unene wa kuta zake. Katika ukumbi wa chini, palipokuwa pa kuhesabia fedha, sasa pamewekwa vigoda, ngao, ngoma, nguo, mapambo ya shaba, vinyago na picha kutoka pande nyingi za Afrika. Juu zimehifadhiwa barua na madaftari ya utawala tangu siku za Waingereza, na msomi yeyote aweza kuomba kuyasoma.

Vitu vile vya ukumbini havikukusanywa na Waingereza. Vingi vilikusanywa na Mwafrika mmoja pamoja na mkewe, nao ni Bwana Joseph Murumbi na Bibi Sheila. Habari zake zafaa kujulikana, maana wanaosoma vitabu vya siasa humkumba na kumpita upesi.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911. Baba yake alikuwa Mgoa mfanya biashara, na mama yake Mmasai. Alipelekwa Bara Hindi angali mtoto, akasoma huko, akarudi mtu mzima na kumchagua mama yake, yaani akajihesabu Mwafrika. Mwaka 1952, viongozi wa chama cha KAU walipokamatwa, yeye alishika kazi ya ukatibu kwa muda. Kisha akaenda Uingereza, akakaa huko karibu miaka kumi. Aliporudi alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais, cheo alichokiacha kabla ya mwaka huo kwisha. Wengi hustaajabu mtu kuacha cheo kama hicho kwa hiari yake. Lakini Murumbi alikuwa na kazi nyingine moyoni. Alinunua vitabu vya zamani vilivyoandikwa juu ya Afrika, maelfu kwa maelfu, alinunua stempu, nguo, silaha na vinyago, akaandika kila kitu kilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na mwenzake Alan Donovan walifungua duka la sanaa mjini, lililoitwa African Heritage, na wachongaji na wafinyanzi wengi walipata riziki humo.

Katika miaka hiyo ya 1970 aliiuzia Serikali mkusanyo wake, na nyumba yake ya Muthaiga pia, kwa shauri kwamba nyumba iwe chuo cha kujifunza mambo ya Afrika. Mkusanyo ulihifadhiwa. Nyumba haikuhifadhiwa: kiwanja kilitwaliwa kwa kazi nyingine, nyumba ikabomolewa, na miti ya asili aliyoitunza ikakatwa. Yeye mwenyewe alikuwa hai wakati huo. Alifariki mwaka 1990, akazikwa katika City Park, upande wa Parklands, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa mwaka 1965. Makaburi yale yamezungukwa na sanamu za mawe na za miti zilizofanywa na mafundi wa Afrika ya Mashariki, kama vile Elkana Ong'esa wa Kisii na Francis Nnaggenda wa Uganda. Mtu aweza kuziona akienda kwa miguu tu, na tumbili wa msitu ule wakimtazama.

Basi mtu akiingia katika jumba la namna hii, atazame nini? Wengi huingia, wakapita mbele ya makabati upesi upesi kana kwamba wanakagua gwaride, wakatoka wamechoka bila kuona kitu. Afadhali kuchagua vitu vitatu tu na kusimama mbele ya kila kimoja.

Tuseme amesimama mbele ya kibuyu cha maziwa cha Kimasai. Asiseme, "Hiki hata nyanya yangu alikuwa nacho," akaenda zake. Na ajiulize kibuyu kile kilisafishwaje mahali pasipo maji mengi. Atakumbuka kijiti kinachowaka cha mzeituni wa mwitu, jinsi kinavyosuguliwa ndani mpaka kibuyu kikawa cheusi na chenye harufu nzuri. Moshi na ukaa huzuia maziwa yasiharibike upesi. Hiyo ni elimu, ingawa haikuandikwa. Au amesimama mbele ya kigoda kidogo cha Kiturkana, ambacho kwa kweli ni kiti na mto pia: mwanamume hulaza kichwa juu yake usiku ili nywele zake, zilizopambwa kwa udongo, zisivurugike. Ni chepesi, maana mwenyewe hutembea nacho siku nzima nyuma ya mifugo. Hakuna kilichoongezwa kwa ajili ya uzuri peke yake, walakini ni kizuri.

Na akifika kwenye vinyago vya Kikamba na ajihadhari, maana hapa wengi hudanganyika. Twiga na watu wa mti wauzwao mjini kwa watalii si kazi ya tangu kale na kale. Wakamba walichonga vigoda na miko tangu zamani, lakini biashara ya vinyago ilianza baada ya Vita vya Kwanza, wakati Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi kutoka Tanganyika, alikojionea kazi ya wachongaji wa huko. Alianza peke yake, kisha jirani wakajifunza, na kazi ikaenea mpaka ikawa chakula cha maelfu ya nyumba. Kujua hivyo hakukipunguzii kinyago sifa. Kwaonyesha tu kwamba sanaa husafiri, na ya kuwa fundi mmoja aweza kuanzisha jambo ambalo wajukuu wataliita desturi.

Kutoka hapo mtu akitembea kwa dakika chache afika Mtaa wa Banda, karibu na Msikiti wa Jamia. Ataona simba wawili wa mawe wakilinda mlango. Hiyo ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Bibi Lucie McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, Bwana William Northrup McMillan, tajiri mwenye mashamba. Kwa miaka mingi Mwafrika aliweza kufagia vumbi la vitabu vile, bali kukaa na kuvisoma hakuruhusiwa. Maktaba ilikuwa ya Wazungu. Iliingia mikononi mwa Halmashauri ya Jiji mwaka 1962, na watoto wa Pumwani na Kaloleni wakaanza kupanda ngazi zile. Jumba lilichakaa baadaye, mapaa yakavuja. Tangu mwaka 2017 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na wanawake wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshughulika kutengeneza maktaba hizi za jiji. Walianza na matawi madogo ya Kaloleni na Makadara, yaliyo kati ya watu, na hilo lilikuwa shauri la busara.

Mahali Barabara ya Kenyatta ikutanapo na Uhuru Highway pana nyumba ndogo ya mawe, nzuri sana, iliyojengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya Bwana P.C. Watu waliandikishwa humo walipozaliwa, walipooana na walipokufa. Huko ndiko hupimwa umbali wa njia zote zitokazo Nairobi. Mzee aliyepata kungojea kipande chake katika siku za ukoloni asingependa kukaribia nyumba ya P.C. pasipo sababu. Sasa ni nyumba ya maonyesho ya picha na sanaa, chini ya Makumbusho ya Taifa, na sehemu nyingine ya mkusanyo wa Murumbi imewekwa humo.

Lakini mlango uliogombewa kuliko yote ni ule wa Jumba la Michezo la Taifa, katika Barabara ya Harry Thuku, mkabala wa hoteli ya Norfolk. Yafaa kusimama kidogo hapo barabarani kabla ya kuingia. Mnamo Machi 1922 watu walikusanyika karibu na mahali hapo kudai Harry Thuku afunguliwe kutoka kituo cha polisi. Wakapigwa risasi, na zaidi ya ishirini wakafa, miongoni mwao mwanamke shujaa aitwaye Muthoni Nyanjiru. Miaka 30 baadaye, mwezi Novemba 1952, jumba la michezo likafunguliwa, wiki chache tu baada ya kutangazwa hali ya hatari. Lilisemekana kuwa ni la watu wa rangi zote. Yaliyochezwa humo kwa miaka mingi, hata hivyo, yalikuwa michezo ya Kiingereza iliyoletwa ng'ambo, na aliyeketi kutazama alikuwa Mzungu.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na bado jambo hilo halikubadilika upesi. Mwaka 1976 Kenya ilichagua michezo miwili ya kupeleka kwenye tamasha kuu la Waafrika mjini Lagos: mmoja wa Francis Imbuga, na mmoja juu ya mashtaka ya Dedan Kimathi, uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Watungaji walipoomba jumba walipewa siku chache tu, katikati ya michezo ya wageni iliyokwisha kupangiwa wakati mrefu. Walicheza, na watu wakajaa mpaka wengine wakakosa viti. Hapo ndipo lilipoulizwa hadharani swali ambalo halikupendeza wakubwa: jumba la taifa ni la nani?

Jibu lilichelewa. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, karibu na Limuru, walicheza katika uwanja waliojijengea wenyewe mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ulipigwa marufuku baada ya majuma machache, na kabla mwaka haujageuka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 watu wale wale walitengeneza mchezo wa pili, wa nyimbo, wakakodi Jumba la Michezo la Taifa. Walipofika waliukuta mlango umefungwa kwa kufuli na askari wamesimama. Wakaenda kufanya mazoezi yao katika Chuo Kikuu, ng'ambo ya barabara, na usiku kwa usiku umati ukaja kuyatazama mazoezi, mpaka nayo yakakatazwa. Mwaka huo huo uwanja wao wa Kamirithu ukabomolewa.

Jumba lilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2015. Na mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ulichezwa jukwaani hapo hapo, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, miaka 45 baada ya ule wa kwanza. Wazee waliouona wakiwa vijana walileta wajukuu zao. Ngũgĩ mwenyewe alikuwa Marekani. Alifariki huko mwaka 2025. Mtu akikata tikiti leo, aangalie mlango ule anapoupita. Ni mlango wa kawaida tu.

Juu ya kilima, upande wa Westlands, yako Makumbusho yenyewe. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, aliyekuwa Gavana, likabadilishwa jina baada ya uhuru. Waafrika na Wahindi waliruhusiwa kuingia katika miaka ya 1940, wakati Dr. Louis Leakey alipokuwa msimamizi wake. Lilifungwa tena mwaka 2005 kwa ajili ya matengenezo makubwa, na likafunguliwa mwaka 2008. Walimu huleta watoto wa shule kuona ndovu Ahmed wa Marsabit, ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri mwaka 1970, na mifupa ya mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa mwaka 1984 na watu wa Kamoya Kimeu, mtaalamu aliyejifunza kazi yake porini. Mvulana yule aliishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mtu wa sanaa, lakini, na atafute picha za Bibi Joy Adamson. Serikali ya Kikoloni ilimwajiri kuwachora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao, naye akachora mamia. Ni mwenye mkono wa uangalifu. Kila ushanga umo. Wengine hulalamika kwamba amewachora watu kama walivyochorwa ndege na maua, na malalamiko hayo si bure. Hata hivyo mavazi mengi aliyoyachora hayavaliwi tena, na mjukuu atakaye kujua babu yake alivaaje siku ya jando hana pengine pa kuuliza.

Visidhaniwe vyote ni vya kale. Mwaka 1965 Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanganyika, pamoja na wenziwe walifungua mjini nyumba ya picha iitwayo Paa ya Paa, ya kwanza ya namna yake iliyosimamiwa na Waafrika. Baadaye ilihamia Ridgeways, ikaunguzwa na moto mwaka 1997, na wenyewe wakaanza upya. Kikundi cha Kuona kilianza mwaka 1995 katika uwanja wa Makumbusho, na baada ya kuhamahama kikapata mahali Kilimani, upande wa magharibi ya mji. Huko mgeni huwakuta mafundi kazini, huyu akichora, yule akiunga vyuma vilivyotupwa na kuvifanya mnyama. Mgeni akibisha hodi hukaribishwa, naye akiuliza kwa adabu huelezwa. Si lazima anunue.

Zaidi ya hapo, kwenye barabara ya Langata, kiasi cha kilometa kumi kutoka mjini, Serikali ilianzisha Bomas of Kenya mwaka 1971. Nia ilikuwa kujenga maboma ya makabila mbalimbali kama yalivyokuwa, na kuweka kikundi cha wachezaji wa ngoma walioajiriwa kwa mshahara. Hapo Mgiriama aliweza kujifunza isukuti ya Waluhya, na Mluhya kujifunza sengenya ya pwani. Wakosoaji walisema ngoma isiyo na arusi wala mavuno ni kama chakula kisicho na chumvi. Wachezaji walijibu kwamba vijijini kwenyewe ngoma nyingine zimekwisha. Ukumbi wa hapo umejulikana kwa sababu nyingine pia: mkutano wa Katiba ulifanyika humo mwaka 2003 na 2004, na kura za Urais zilijumlishwa humo mwaka 2013, 2017 na 2022. Mwaka 2025 Serikali ilianza kujenga jumba kubwa la mikutano katika kiwanja hicho, kwa hiyo anayekusudia kwenda na aulize kwanza.

Mbele ya Langata ni Karen, na watu wengi wakaao Nairobi hawajui jina hilo lilitoka wapi. Bibi Karen Blixen wa Denmark alilima kahawa huko chini ya vilima vya Ngong, akaishi tangu mwaka 1917 katika nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912. Kahawa haikufaa, maana nchi ile iko juu mno na ina baridi. Mwaka 1931 shamba likauzwa, likakatwa viwanja, naye akarudi kwao, akaandika kitabu kilichompa sifa. Mwaka 1964 Serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuipa Kenya kwa zawadi ya uhuru, na tangu mwaka 1986 ni makumbusho. Wageni wa ng'ambo huja kwa wingi, hasa kwa sababu ya sinema iliyotoka mwaka 1985.

Mwafrika aingiapo humo ana maswali yake mwenyewe. Wakikuyu walioishi katika shamba lile kwa kufanya kazi waliitwa maskwota, ingawa wengine wao wazazi wao walikuwako kabla ya mwenye shamba. Lilipouzwa waliambiwa wahame. Waliomba jambo moja, wasitawanywe, na Bibi Blixen aliwasemea kwa wakubwa mpaka wakapewa mahali pa kukaa pamoja upande wa Dagoretti. Mpishi wake, Kamante, aliishi hata akasimulia habari zake mwenyewe, zikapigwa chapa kitabu mwaka 1975.

Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje katika nyumba zote za Makumbusho ya Taifa, nao watoto hulipa pungufu. Yafaa mtu achukue kitambulisho, na siku hizi malipo mengi hufanywa kwa simu. Gari za Karen zipitazo barabara ya Langata hupita karibu na hiyo nyumba ya Bibi Blixen. Akishamaliza kuzungushwa vyumbani, na atoke aende chini kidogo ya bustani. Huko kati ya miti zimebaki mashine za chuma za kiwanda cha kahawa, zenye kutu, ambazo watembezaji wengi hawazitaji sana. Zilizungushwa na watu wa Dagoretti.